Barua Pepe Isiyongoja Mnara

(Mazungumzo ya mjumbe wa kamati ya fedha katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya Chama, Dar es Salaam)



Nimepewa dakika chache nieleze kifungu kimoja cha bajeti ambacho wengi wenu mmekiulizia: "Vituo viwili vya barua pepe kwa redio, Kilindoni na Dar es Salaam." Mimi ni mhasibu, si fundi mitambo. Kwa hiyo nitaeleza kama ninavyoeleza hesabu: tunanunua nini, kwa sababu gani, na nani atakitunza.

Nianze na sababu. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu. Vyombo vya baharini vilisimama, na barabara ya kusini ikakatika pale Somanga. Siku nane baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zikakatika, na intaneti ikazorota karibu Afrika Mashariki yote. Mambo hayo mawili hayakuhusiana. Lakini hakuna mkataba wowote unaoyazuia kutokea siku moja. Siku hiyo mnara ukizimika na boti haziendi, mtu wa Kilindoni anayehitaji dawa, au wa Jibondo anayehitaji maji ya kunywa, atamwambia nani?

Wazee wanaikumbuka simu ya upepo iliyokuwa ikitumika maofisini na misheni. Hiki tunachokiomba ni mtoto wake. Redio ya mawimbi mafupi haihitaji mnara. Ukifunga waya wa antena wa mita 20 hivi baina ya minazi miwili, si juu sana, mawimbi hupanda karibu wima, hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini kama mvua, hata mamia ya kilomita kutoka ulipo. Mchana hutumika masafa ya megahezi 7, na usiku ya 3.5. Minazi, alhamdulillahi, Mafia haijapungua.

Tofauti ni kwamba simu ya upepo ilibeba sauti. Sauti ikipita kwenye mikwaruzo, "sitini", "sabini" na "tisini" husikika mamoja. Mfumo huu hubeba maandishi. Kompyuta huukata ujumbe vipande vipande, na kompyuta ya upande wa pili hukikagua kila kipande. Kilichoharibika huombwa tena mpaka kifike kamili. Ukiagiza dripu 70, zitasomwa 70, au utajua kwamba ujumbe haujafika. Kwa mtu wa hesabu kama mimi, hiyo ndiyo tofauti ya stakabadhi na maneno ya njiani.

Mfumo wenyewe unaitwa Winlink, na unatumiwa duniani na waendesha redio wa ridhaa, yaani watu wanaowasiliana kwa redio kwa mapenzi yao, bila malipo wala biashara. Kimbunga Maria kilipoiangamiza mitandao ya Puerto Rico mwezi Septemba 2017, Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba waendesha redio wa ridhaa 50 wakasaidie kupeleka habari za walionusurika. Mfumo huu ulikuwa miongoni mwa njia walizotumia.

Sasa kompyuta. Tumechagua programu inayoitwa Pat. Ni ya bure, kwa hiyo safu yake kwenye bajeti ni sifuri. Huendeshwa kwa kuandika amri kwenye skrini ya maandishi matupu, bila picha wala mapambo. Baadhi yenu mmesema hiyo ni teknolojia ya kizamani. Ndugu zangu, wepesi huo ndio tunaoutaka. Programu nyepesi hukubali kompyuta mpakato iliyostaafu ofisini kwako, au kakompyuta kadogo kanakotumia wati tano hivi za umeme wa jua.

Kazi yake ni amri chache. Ukiandika pat configure, unaweka alama yako ya mwito, nenosiri na mraba wa ramani ulipo: Kilindoni ni KI92, Dar es Salaam ni KI93. Ukiandika pat compose, unatunga barua. Ukiandika pat connect pamoja na jina la modemu na la kituo unachokiita, barua inaondoka na zilizokusubiri zinaingia. Kituo cha Kilindoni kinaweza kukiita kituo chetu cha Dar moja kwa moja, bila intaneti popote njiani. Au kinaweza kuita kituo lango, hata cha nchi nyingine yenye intaneti nzima, na barua ikaingia kwenye barua pepe ya kawaida ya mtu yeyote. Tutume maandishi mafupi tu. Picha za harusi zingoje WhatsApp irudi.

Mmeniuliza pia kwa nini tusinunue simu ya setilaiti. Ni kifaa kizuri. Lakini bili yake huja kila mwezi, na harambee yetu huja mara moja kwa mwaka. Redio ukishailipia, haikudai muda wa maongezi.

Sheria nayo tuiheshimu. Leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na alama zetu za mwito huanza na 5H. Hakuna atakayerusha mawimbi kabla ya kupata leseni. Biashara ni marufuku, kwa hiyo bei ya pweza haitapita huko. Ujumbe haufichwi, mwenye ujuzi anaweza kuusoma. Basi tutaandika idadi ya wagonjwa na dawa, si majina yao.

Nimalizie na jambo ninaloliona zito kuliko redio yenyewe. Sisi wahasibu tumeona mitambo mingi ya misaada ikigeuka meza ya kuwekea vikombe kwa kukosa mtu anayeijua. Ndiyo maana kamati imeweka kifungu cha mafunzo na leseni kwa vijana wanne, wawili Kilindoni na wawili hapa, na tunaomba kifungu hicho kichangiwe kwanza, kabla ya vifaa. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi vituo viwili vitaandikiana barua, na kila barua itaingizwa kwenye daftari: saa, masafa, imefika au haikufika. Daftari hilo litaletwa hapa mwakani, mlikague kama mnavyokagua hesabu za fedha. Likiwa tupu, mtuulize.

Jedwali la gharama na fomu ya ahadi vimo katika kijitabu hiki. Mwenye fedha atoe fedha. Mwenye kompyuta mpakato ya zamani, betri ya volti 12 au paneli ya jua aandike kwenye fomu. Na mwenye kijana makini, asiyechoka kujifunza, atuletee jina lake leo kabla hatujatawanyika.