Mfumo Umekataa: Blokcheni, Bima ya Mvua na Haki ya Mkulima wa Kitui na Makueni



Nianze na sanduku. Katika vikundi vingi vya akina mama huku Ukambani, akiba hukaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu, na sanduku lenyewe hulala kwa mtu wa nne. Halifunguliwi ila mbele ya mkutano, na kila shilingi huandikwa daftarini huku wote wakisikia ikitajwa. Anayetaka kuielewa blokcheni aanzie hapo: ni daftari ambalo nakala zake zimo mikononi mwa wengi kwa wakati mmoja, hata pasiwe na awezaye kufuta mstari bila wenzake kujua. Ila mwenye ufunguo wa sanduku tunamjua kwao. Wa blokcheni mara nyingi hatumjui, na hapo ndipo hatari ya kisheria inapoanzia.

Teknolojia hii imeshawafikia wakulima wa Kenya. ACRE Africa, wanaoshughulikia bima za wakulima, wakishirikiana na Etherisc, watengenezaji wa programu za bima za blokcheni, waliweka bima ya mazao iitwayo Bima Pima kwenye blokcheni. Mkulima hununua kinga kidogo kidogo, hujisajili kwa simu, na mahali lilipo shamba lake huingizwa kwenye mfumo. Setilaiti hupima hali ya mvua. Ikipungua chini ya kiwango kilichowekwa, mkataba ulioandikwa kama programu ya kompyuta hujitekeleza wenyewe na fidia huingia kwenye M-Pesa, bila mtu kuja kukagua mahindi yaliyokauka. Kazi hiyo naiheshimu. Aliyewahi kungoja fidia mpaka msimu mwingine ukaingia anajua thamani yake.

Lakini mvua ya kwetu ni ya vipande. Hunyesha vilima vya Mbooni, Kibwezi ikabaki vumbi. Hata kijiji kimoja, upande huu wa mto hulowa na ng'ambo isipate tone. Vipimo vya setilaiti huchukua eneo la kilomita kadhaa kama shamba moja. Sasa chukulia mama wa Ikutha aliyepanda ndengu na mtama mwezi Oktoba, udongo ukiwa bado mkavu, kama tunavyofanya ili mvua ya vuli ikute mbegu chini. Zikaota, zikakauka. Setilaiti ikasoma kwamba eneo lake limepata mvua ya kutosha, na mkataba ukanyamaza. Sisemi hili lilitokea katika bima niliyoitaja. Nasema mkataba wa aina hii unaliruhusu litokee. Amshtaki nani? Aliyeandika programu yuko ng'ambo, vipimo vya mvua vimetoka kwa shirika jingine, na kompyuta zinazotunza daftari zimetapakaa duniani. Akimpigia wakala, ataambiwa "mfumo umekataa".

Hilo si jibu kisheria. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa mtu kinga dhidi ya uamuzi mzito uliotolewa na mashine peke yake. Kweli, kifungu hicho kinaruhusu uamuzi wa namna hiyo pale unapohitajika kutekeleza mkataba. Lakini hata hapo mhusika lazima aarifiwe kwa maandishi, na anaweza kudai uamuzi ufikiriwe upya, usiachiwe mashine tena. Kwa maoni yangu, mkataba unaojitekeleza juu ya shamba lililounganishwa na namba ya simu ya mtu umo ndani ya kifungu hiki. Basi lazima awepo mtu wa kuufikiria uamuzi upya. Asipokuwepo, kosa limeshatendeka kabla hata mvua haijanyesha.

Na mtu huyo asitafutwe mbali. Sheria ya Bima, Sura ya 487, inataka anayeuza bima awe na leseni. Blokcheni haina leseni. Mwenye leseni ni kampuni ya bima, na deni ni lake, hata kama ameliachia daftari la kompyuta kazi ya kuhesabu. Akipatikana mwenye jina na ofisi, dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo.

Hatari ya pili ni daftari lisilofutika. Mnakumbuka Worldcoin: mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi wapigwe picha za mboni za macho wapewe tokeni, hadi serikali iliposimamisha zoezi hilo Agosti 2. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe, kwa kuwa ridhaa ilipatikana kwa kushawishiwa na tathmini ya athari inayotakiwa na sheria haikufanywa. Je, amri kama hiyo ingetekelezwaje kama jina, kitambulisho na mipaka ya shamba lako vingekuwa vimeandikwa kwenye blokcheni yenyewe? Taarifa za mkulima zikae nje, mahali panapofutika. Kwenye daftari ibaki alama ya uthibitisho tu.

Hatari ya tatu ni kifo, pale mali ya mkulima inapokaa kwenye blokcheni. Mkulima wa hapa akifariki, familia huanza na barua ya chifu, kisha mahakama. Barua ya chifu haifungui pochi ya kidijitali ambayo neno lake la siri limezikwa pamoja na mwenyewe. Sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, iliyotiwa saini Oktoba 2025, imewapa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kazi ya kutoa leseni. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo, mjane wa Kyuso bado anahitaji mlango wa kubisha.

Kwa hiyo naomba kaunti zote mbili, Kitui na Makueni: kabla ya kutia saini mpango wowote wa bima ya blokcheni, kadi ya bima anayopewa mkulima kwenye duka la pembejeo iandikwe kwa Kikamba na Kiswahili jina la kampuni ya bima, mahali ofisi yake ilipo, namba ya simu ya mtu wa kupokea malalamiko, na siku ambazo lazima awe amejibu. Iwe tayari kabla ya Oktoba, mbegu hazijaingia ardhini.