Kuku Anayelalia Asitoswe Majini

Habari ya vifaranga vya Namanga ya mwaka 2017 umeshaisikia, ndugu msikilizaji. Wiki nzima watu hawakuwa na mazungumzo mengine huku Rungwe, stendi ya Tukuyu, sokoni Kiwira, hata kwenye pikipiki za kupanda Ikuti. Vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilikamatwa mpakani Namanga na kuteketezwa kwa moto. Wapo waliolaani, wapo waliosema sheria ni sheria. Redio hii haitaurudia mjadala huo. Hofu ilikuwa mafua ya ndege, yaliyoonekana Uganda mwezi Januari mwaka huo, na zuio la kuingiza vifaranga kutoka nje lilikuwa la miaka mingi.

Kinachotutia wasiwasi sisi ni yule aliyekuwa anavisubiri vifaranga vile. Kwa nini avisubiri kutoka Kenya? Kwa sababu tumezoea kuamini kwamba kifaranga ni kitu cha kununua. Kifaranga kinatoka dukani, kinatoka kwenye boksi, kinatoka kwenye mashine ya mtu mwingine. Imani hiyo imepanda milima mpaka imefika Ikuti.

Imefika Ikuti, na ushahidi wake ni beseni la maji baridi. Kuku wa kienyeji ametaga mayai yake 12. Amejilaza nyuma ya kuni, juu ya majani makavu ya mgomba, manyoya ameyavimbisha, sauti yake ni ile nzito ya ko-ko-ko, na ukipeleka mkono anaudonoa. Anatoka mara moja kwa siku, anakula haraka, anaacha kinyesi kikubwa chenye harufu kali, anarudi. Huyo yuko tayari kulalia. Mwenye nyumba anafanya nini? Anamkamata, anamtosa kwenye beseni, anamfunga mguu kwenye mgomba hadi jioni, eti arudi kutaga. Haya yanafanyika kwenye ukungu na manyunyu ya Rungwe, ambako hata binadamu aliyelowa hukimbilia motoni. Kuku aliyeloweshwa kwenye baridi hii akiugua, hatataga wala hatalalia.

Tumeyatoa wapi mambo haya? Tumeyatoa kwenye maelekezo ya kuku wa mayai. Kwa mfugaji wa kuku wa mayai, kuku anayelalia ni hasara, na wataalamu wa mbegu kwa vizazi vingi wamechagua kuku wasiokuwa na hamu hiyo. Ndiyo maana kuku wa kisasa huanguliwa na mashine. Kuroiler wa kutoka India, Sasso wa kutoka Ufaransa, nao si wa kutegemewa kulalia. Hata kuku weusi wa Malawi tunaowapenda huku, ambao asili yao ni Australia na serikali iliwasambaza vijijini Malawi miaka mingi iliyopita, wanataga vizuri sana, lakini ukisubiri walalie utachoka. Hatuwakatai kuku hao. Waje. Lakini wakishataga mayai yenye mbegu nzuri, nani atayaangua hapa Ikuti, ambako umeme ukikatika usiku mmoja mayai yote ya kwenye mashine yanapoa? Ni huyu huyu wa nyuma ya kuni. Ni huyu tunayemtosa kwenye beseni.

Na hapo linakuja lile ambalo redio hii imelisema, na italisema tena: chanjo ya ule ugonjwa wa kuku, mdondo, iko wapi?

Maana ukimuuliza mama wa Ikuti kwa nini hataki kuku wake alalie, atakujibu kwa uchungu: walalie nini, waangue, halafu mdondo uje ufagie? Heri mayai, nipate ya chumvi. Ana haki. Ameshaona banda zima limelala chini asubuhi moja, kinyesi cha kijani, mabawa yameshuka, shingo zimepinda. Mama huyu hawachukii vifaranga. Anaogopa kuzika vifaranga.

Tuhesabu pamoja. Vifaranga 6,400 vya Namanga ni kazi ya kuku 640, kila mmoja akiangua 10. Kuku 640 tu. Kwa siku 21, bila umeme, bila mafuta ya taa, bila kuvuka mpaka wowote. Ndani ya kata zetu za Rungwe, kuku 640 wanaotaka kulalia watakosekana? Wapo. Wapo sasa hivi tunapozungumza, na wengine wamefungwa miguu.

Na kazi yenyewe haina siri. Akianza kuku mmoja kulalia, mwachie yai moja tu la kumshikilia kiotani, mengine yatoe uyahifadhi mahali penye ubaridi, ncha ikitazama chini, yasizidi wiki moja. Subiri mwenzake aanze, na wa tatu. Kisha usiku mmoja, wakiwa wametulia, wawekee wote mayai mabichi kwa pamoja, 10 au 12 kila mmoja. Yaweke alama ya mkaa, ili kuku mwingine akiingia kutaga humo ulitambue yai lake na kulitoa. Nyunyiza majivu kwenye kiota, maana utitiri unaweza kumfukuza hata kuku mvumilivu. Siku ya saba chukua tochi, zima taa, mulika: yai lenye mishipa rudisha, lililo jeupe tupu toa. Baada ya siku 21 wataangua wote kwa pamoja, nawe utawaachia kuku mmoja au wawili walee vifaranga vyote chini ya tenga, mwewe asivifikie, na anayebaki umpumzishe, umlishe vizuri, arudi kutaga mapema. Bibi zetu wengi waliyafanya haya bila kusoma popote.

Wapo kuku wa kuachishwa kulalia, hilo tunalikubali. Nyumba haina jogoo, basi mayai hayana mbegu na kuku anajichosha bure. Au ameangua mara mbili mfululizo na kifua kimebaki mfupa. Huyo muachishe kwa utu. Rungwe ina mianzi. Tengeneza kichanja, kiinue juu ya ardhi, sakafu yake iwe na nafasi ili hewa ipite chini ya tumbo lake, pawe na mwanga, chakula na maji, pasiwe na majani ya kujilaza. Siku 3 au 4 zinatosha kwa kuku wengi. Joto la tumbo linashuka, hamu inakwisha, anarudi kwa wenzake. Beseni halina kazi hapo.

Lakini chanjo iko wapi? Kuku wakiangua vifaranga 100 leo katika kitongoji kimoja, bila chanjo tumeukaribisha mdondo mezani. Na chanjo yenyewe si kitu cha kuagiza ng'ambo. Chanjo ya I-2 inatengenezwa hapa hapa nchini, na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Ni tone moja kwenye jicho moja, kuku mkubwa na kifaranga sawa, na kurudia kila baada ya miezi 3. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingine, hata isipowekwa kwenye friji kwa siku kadhaa inafaa. Kitu cha namna hii, kilichotengenezwa kwa ajili ya vijiji kama vyetu, kwa nini kinapatikana kwa kubahatisha? Kwa nini mfugaji wa Ikuti akisie bwana mifugo atapita lini? Redio hii inauliza, na wiki ijayo itauliza tena.

Basi wenye dhamana ya mifugo, shukeni vijijini! Msisubiri mdondo ndipo mje kuhesabu mizoga. Na sisi tusisubiri tu. Mama, mfungue kuku huyo mguu leo. Kijana unayeweka akiba ya kununua vifaranga, anza na kuku watatu wa nyumbani kwenu. Mwenyekiti wa kijiji, mkutano ujao chanjo iwe ajenda ya kwanza, isiachwe kwenye mengineyo. Kichupa kikishafunguliwa hakikai, na kimoja kinatosha nyumba nyingi, kwa hiyo hakuna anayeweza kulifanya hili peke yake. Andikeni majina ya nyumba, changeni fedha, chagueni asubuhi moja. Mtu mmoja aende Tukuyu akifuate, akirudishe kimefungwa kwenye kitambaa chenye maji, mbali na jua. Na asubuhi hiyo banda lolote lisifunguliwe mpaka kila kuku apate tone lake.