MALISHO KWENYE KITALU CHA UWINDAJI: MSIMAMO TUNAOUPELEKA MKUTANO MKUU WA KIJIJI

Hii ni hotuba ya Katibu kwenye mkutano wa tawi wa Jumamosi. Tunaituma kwa wanachama wote, hasa waliokuwa mbali na mifugo. Tafadhali isome yote kabla ya kujibu.

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, wajumbe wa kamati, wazee wetu malaigwanani, kina mama na vijana,

Jambo lililotuleta ni moja: tupeleke ng'ombe kwenye kitalu cha uwindaji, au tusipeleke?

Masika yamekatika mapema. Nyasi za upande wa maboma zimekwisha, na ng'ambo ya korongo, ndani ya kitalu, bado zinafika magotini. Wote tunakumbuka ukame wa 2021 na 2022 ulioua maelfu ya mifugo Simanjiro, Longido na Monduli. Kwa hiyo hapa hatumwiti mtu mhalifu kwa kutamani nyasi.

Tuanze na sheria, maana watu wanachanganya. Pori la akiba liko chini ya serikali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kulisha mifugo humo bila kibali. Loliondo, mwaka 2022, eneo la kilomita za mraba 1,500 liliwekewa mipaka likatangazwa Pori la Akiba Pololeti, na wafugaji wakatakiwa kutoka na mifugo yao.

Kitalu chetu si hivyo. Ni ardhi ya kijiji tuliyoitenga wenyewe kwenye Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori. Mpango wa matumizi ulipita kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, na ni sisi tulioandika kwamba kanda ya uwindaji haina malisho. Tulilolipitisha kwa mkutano tunaweza kuomba lirekebishwe kwa mkutano. Lakini anayeingiza ng'ombe usiku havunji neno la kampuni. Anavunja neno letu sote.

Sasa hesabu. Msimu wa uwindaji wa kitalii huanza tarehe 1 Julai, wakati uleule nyasi zetu zinapoisha. Mgeni anayelipia nyati akakuta kengele za ng'ombe hatarudi mwakani. Mgao wa kitalu ndio ulioezeka madarasa na ndio unaolipa askari wetu wa wanyamapori. Kwa mwenye ng'ombe 200, nyasi zile zina thamani kuliko mgao. Kwa mjane mwenye mbuzi 3, mgao ndio kitu pekee anachopata kitaluni. Kitalu kikiliwa kimyakimya, mwenye 200 anachukua na mwenye 3 analipia.

Na tuseme kweli: baadhi ya ng'ombe wanaoingia usiku si wa kijiji hiki. Ni wa wageni, wamekaribishwa kwa malipo. Sisi viongozi tulijua, tukanyamaza, kwa sababu waliowakaribisha ni jamaa zetu. Hilo ni kosa letu.

Kuelewana kunawezekana. Terrat, Simanjiro, kijiji kilikubaliana na kampuni za utalii: kilimo na makazi ya kudumu marufuku kwenye eneo walilotenga, malisho ruksa, na kijiji kinalipwa kila mwaka. Wao ni utalii wa picha na sisi ni uwindaji, kwa hiyo kwetu ni kugumu zaidi. Lakini waliandika na kusaini kwanza, hawakuvizia giza.

Baada ya majadiliano marefu, tumekubaliana:

1. Kuanzia leo hakuna mwanachama kuingiza mifugo kitaluni, awe kiongozi au asiwe.

2. Tuiombe Halmashauri ya Kijiji iitishe Mkutano Mkuu kabla ya tarehe 1 Julai. Chama hakigawi ardhi. Tunakwenda kushauri, na kura ni ya wanakijiji.

3. Tutapendekeza ukanda wa kando ya korongo tu, mchana tu, mbali na bwawa la wanyama. Ndama na ng'ombe wa maziwa kwanza, kwa idadi sawa kila boma. Mifugo ya wageni hapana. Jumuiya na kampuni wakubali kwa maandishi.

4. Alalili zilizo jirani na maboma zirudishwe chini ya usimamizi wa malaigwanani. Baadhi yetu tumezilima, tuziache.

5. Mapato na matumizi ya mgao yasomwe mkutanoni na kubandikwa ubaoni. Huwezi kumwambia mtu alinde kitalu ambacho hajui kinamletea nini.

Mkutano ukikataa, au Jumuiya na kampuni wakikataa, tutatii. Tunajua wapo watakaolazimika kuuza ng'ombe mapema, na wapo watakaopoteza. Ndiyo maana tunasema auzaye auze sasa, mnyama angali na nyama, asisubiri Septemba.

Maoni yapelekwe kwa balozi wako, au njoo ofisi ya tawi. Tusitukanane kwenye kundi.

Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya kamati.