Haki ya Maji Katika Nchi ya Sabaki



Mwaka 1914 Serikali ya Kiingereza iliwaamuru Wagiriama wahame kaskazini ya Mto Sabaki. Walipokataa, wakapigwa vita. Walijua ya kwamba anyimwaye mto amenyimwa riziki.

Leo kandokando ya mto ule ule, pale Baricho, huvutwa maji yapelekwayo kwa mabomba hata Malindi, Kilifi na Mombasa. Hatuwaonei wivu wenzetu wa mjini. Lakini huko Ganze, wakati wa ukame, akina mama hufuata maji mwendo mrefu; naye anunuaye kwa dumu hulipa zaidi ya mwenye bomba nyumbani. Maskini kulipa kuliko tajiri si haki.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Kifungu cha 201 chataka raia washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Basi twawasihi: tuhudhurie mikutano ya bajeti ya Kaunti, tuulize mabomba yatafika wapi na lini, na majibu yaandikwe. Tudai kwa adabu, wala tusichoke.