Tumeandikiwa Barua, Hatujajibiwa Swali

Msikilizaji, habari ya Jumatano, Juni 25, 2025, unayo. Umeisikia hapa, umeisikia kwa jirani, umeisikia ndani ya matatu ukitoka Keroka kwenda Kisii mjini. Sitairudia. Leo nazungumzia lile linalotukosesha usingizi sisi wa kituo hiki, nalo ni ile barua.

Barua ilitoka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ikiwa na jina la Mkurugenzi Mkuu, David Mugonyi. Iliandikiwa vituo vyote vya televisheni na redio. Vyote, wala si vile vikubwa vya Nairobi peke yake. Iliamuru tukome kutangaza moja kwa moja maandamano ya Juni 25. Haukupita muda NTV na KTN zikazimwa, Citizen nayo ikafuata. Siku hiyo hiyo Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo na kuamuru mitambo iwashwe. Mahakama tunaishukuru. Lakini agizo lililosimamishwa lina mwenye kuliandika, na mwenye kuliandika yuko ofisini leo, na wino anao.

Tumeandikiwa barua. Hatujajibiwa swali.

Kituo hiki kimekuwa kikiwaalika wakubwa waje waketi hapa, mbele ya kipaza sauti, wajibu simu zenu. Tumewaalika juu ya barabara. Tumewaalika juu ya dawa zinazokosekana zahanati. Tumewaalika juu ya basari, na juu ya bonasi ya majani chai, kwa nini mkulima wa upande huu wa Bonde la Ufa anapata kidogo kuliko mwenzake wa Mlima Kenya ilhali wote huamka alfajiri ile ile kuchuma. Tunaambiwa mheshimiwa yuko mkutanoni. Tunaambiwa mheshimiwa yuko safarini. Msimu wa kura ukifika mheshimiwa haalikwi, anakuja mwenyewe kabla jua halijachomoza, na anataka saa nzima, na anataka simu zenu zisipokewe. Halafu inafika siku wananchi wako barabarani, na ndipo serikali inapokumbuka kwamba sisi tupo. Inatukumbuka kwa barua.

Nataka mjue barua ile ilikuta nini hapa Jumatano. Mama mmoja anayeuza ndizi soko la Birongo alipiga simu. Ana redio ndogo aliyoifunga kwa mpira wa baiskeli kwa sababu kifuniko cha betri kilipotea, anaiweka juu ya gunia. Mwanawe ni fundi wa kuchomelea vyuma Kawangware. Simu yake haikupatikana tangu asubuhi. Mama huyo hakuuliza habari za Rais, hakuuliza habari za upinzani. Aliuliza Naivasha Road inapitika au haipitiki, na kama kuna risasi. Mtangazaji wetu alikuwa na simu sikio moja na nakala ya barua mkononi. Akamwambia, "Ngoja kidogo, mama." Jibu la swali lile lilikuwa kwa waandishi waliosimama barabarani Nairobi wakati ule ule, na ndio hao walioamriwa wakatwe.

Nawauliza wa Mamlaka ya Mawasiliano: mama yule alikuwa anachochea nani?

Kifungu cha 34 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema wazi kwamba serikali haitadhibiti wala kumwingilia mtu anayefanya kazi ya utangazaji, wala haitamwadhibu kwa sababu ya maoni au yaliyomo katika matangazo yake. Barua inashika kifungu cha 33, kinachokataza uchochezi wa vita, ghasia na chuki. Vema. Kama kituo kimechochea, kitajwe, kishtakiwe, kijitetee. Liko Baraza la Vyombo vya Habari, lina sheria yake ya 2013, lina tume ya kusikiliza malalamishi. Kuwazima wote kwa kosa ambalo hakuna aliyetajwa kulitenda, hiyo si sheria.

Na sisi watu wa Gusii hatuhitaji kufundishwa hatari ya redio. Tunaijua. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilivinyoshea kidole baadhi ya vituo vya lugha za kienyeji. Joshua arap Sang alitoka kwenye studio ya Kass FM hadi kizimbani The Hague, na kesi yake haikufungwa hadi Aprili 2016. Rwanda mnajua redio ilifanya nini mwaka 1994. Kwa hiyo hapa kwetu mtangazaji haruhusiwi kutaja kabila la jirani kwa ubaya, na anayepiga simu akitukana, simu inakatwa. Tutaendelea kuikata. Hilo ni letu, hatulihitajii barua.

Lakini kumbukeni na upande wa pili wa 2007. Desemba 30 mwaka ule, matokeo ya urais yalipotangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja nchi nzima. Je, nyumba za Borabu hazikuchomwa? Mpakani mwetu na Sotik watu hawakulala porini? Chebilat haikuteketea? Marufuku ilikuwapo na moto ulikuwapo. Kilichokosekana ni habari ya kweli. Wazee wetu, abagaka, wanakumbuka jinsi ujumbe wa simu ulivyozunguka usiku: wanakuja, wamefika daraja, wamebeba mishale. Mara ni kweli, mara ni uongo, na hakuna wa kuuliza. Watu walichukua panga kwa ajili ya uvumi. Ukimnyima mtu redio hutamnyima masikio. Atasikiliza chochote kitakachomfikia.

Tumeandikiwa barua. Hatujajibiwa swali.

Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, amejitokeza na kutwambia kwamba yaliyotokea Jumatano yalikuwa jaribio la mapinduzi. Neno zito sana hilo. Sasa, ikiwa ni mapinduzi, kamera iliyowashwa ingekuwa shahidi wa kwanza wa serikali. Na ikiwa vijana waliuawa bila sababu, kamera ile ile ingekuwa shahidi wa wazazi wao. Anayezima shahidi wa pande zote mbili anataka tumwamini yeye peke yake, na kwa yaliyotokea mwezi huo wa Juni imani hiyo hatuwezi kuitoa. Mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alifia mikononi mwa polisi kituo cha Central, na polisi wakatwambia alijigonga kichwa ukutani. Wapasuaji wa maiti wakakuta majeraha yasiyo ya ukuta. Inspekta Jenerali wa Polisi, Kanja, akasimama mbele ya Seneti kuirudisha kauli ile. Kisha Juni 17, mchuuzi wa barakoa akapigwa risasi kichwani mchana kweupe katikati ya Nairobi, akalazwa Hospitali ya Kenyatta akipigania uhai wake. Tunajua aliyefyatua alikuwa polisi kwa sababu kamera zilikuwa zimewashwa. Siku nane baadaye inakuja barua ya kuzizima.

Wengine mtanipigia mseme haya ni ya serikali hii. Hapana. Februari 2015 televisheni tatu kubwa zilizimwa katika mzozo wa kuhamia dijitali. Januari 30, 2018, Raila Odinga alipokula kiapo Uhuru Park, televisheni zikazimwa tena, mahakama ikaamuru ziwashwe, na siku zikapita kabla ya amri kutiiwa. Na mara zote mbili waziri alikuwa mwana wetu, Daktari Fred Matiang'i, kwanza akishika wizara ya mawasiliano, kisha ya usalama wa ndani. Sisemi kwa kumchukia. Ni wa Borabu, ni damu yetu, na wengi wenu mnamtaja kwa ajili ya uchaguzi wa 2027. Ndiyo maana nasema. Tukimkemea mgeni kwa kuzima mitambo na kumnyamazia wa nyumbani kwa jambo lilo hilo, basi tulilia televisheni ya nani? Kituo hiki kinamwalika. Kiti kipo. Aje atwambie kuhusu 2018, na simu zenu zipokewe.

Kuna na njia nyingine ya kuzima, isiyo na kelele. Machi 2024 serikali iliagiza matangazo yake yote ya kibiashara ya redio na televisheni yapelekwe KBC peke yake. Kituo kidogo cha mashambani kinalipa umeme, kinalipa leseni, kinalipa vijana wanaokesha. Ukikifungia mlango wa matangazo, kesho kitapokea bahasha ya mwanasiasa na kumpa saa nzima bila swali. Hapo hakuna haja ya barua tena.

Na msidhani ni habari za siasa tu zinazozimwa. Wasichana wa shule ya Butere walipozuiwa kucheza mchezo wao wa kuigiza, "Echoes of War", ni Mahakama Kuu ya hapa hapa Kisii iliyoamuru waruhusiwe kupanda jukwaani. Aprili 2025 wakafika Nakuru wakakuta vitoa machozi. Wanafunzi wa shule! Nchi inayoogopa mchezo wa wasichana wa shule itaogopa wimbo, itaogopa mchekeshaji, itaogopa kipindi cha asubuhi cha redio ya Gusii ambapo mama muuza ndizi anauliza barabara.

Kwa hiyo leo nasema na nyinyi wenyewe. Wabunge wa Kisii na Nyamira, mna bunge, mna kamati ya mawasiliano, mwiteni mkurugenzi huyo aeleze barua aliiandika kwa mamlaka gani, na mfanye hivyo hadharani. Mawakili wetu, kesi ya barua hii msiiache ipoe. Watangazaji wenzangu wa vituo vyote vinavyosikika Gusii, acheni kuuza saa za mahojiano! Mgombea asiyetaka simu za wananchi asipewe kipaza sauti, hata akiwa na fedha, hata akiwa ni wa ukoo wenu. Na nyinyi vijana mnaorekodi kwa simu zenu, rekodini kilichotokea, msiongeze chumvi, msitume picha ya mwaka jana mkasema ni ya leo, maana uongo wenu mmoja ndio utakaotumika kuandika barua nyingine.

Na wewe msikilizaji, wagombea wataanza kuja. Watakuja Keumbu, watakuja Ibeno, watakuja hapa Birongo siku ya soko na vipaza sauti juu ya magari. Usiwaulize watakupa nini. Muulize kila mmoja, mbele ya watu, swali hili: siku wananchi wakiwa barabarani na wewe ukiwa serikalini, utazima redio au hutazima? Mwambie ajibu ndiyo au la. Andika jibu lake na tarehe yake, uliweke, na kama amekataa kujibu, kura yako usimpe.