Asia ya Darasani

Msikilizaji, juma hili tuvuke bahari hadi Australia. Mtaala wa taifa wa nchi hiyo una mambo matatu mtambuka, ambayo walimu wa masomo mbalimbali wanatakiwa kuyagusa panapofaa. Mojawapo ni Asia na uhusiano wa Australia na bara hilo.

Utauliza, kwani hilo nalo la kuandikiwa mtaala? Tazama ramani. Kutoka Darwin hadi Dili, Timor ya Mashariki, ni kama kilomita 700. Kutoka hapo hapo Darwin hadi Sydney ni zaidi ya kilomita 3,000. Indonesia, jirani wa karibu, ina watu zaidi ya milioni 270, yapata mara kumi ya Australia. Lakini tangu 1901 Australia iliwafungia Waasia mlango kwa sheria ya uhamiaji, na mabaki ya sera hiyo yalifutwa 1973 tu.

Wenyeji wa asili wa kaskazini hawakusubiri mtaala. Hadi 1907, mabaharia wa Makassar walikuwa wakija kwa pepo za msimu kuvua jongoo bahari katika pwani ya Arnhem, mzigo uliokwenda kuuzwa Uchina. Wayolngu wa huko mpaka leo fedha huiita rrupiya. Sisi wenye rupia yetu hatuhitaji kutafsiriwa neno hilo.

Wapo wanaonung'unika kwamba Asia inachomekwa kila mahali. Tume ya watu wawili, Kevin Donnelly na Ken Wiltshire, ilisema 2014 kwamba mambo mtambuka yaingizwe pale tu yanaposaidia somo. Hapo sina ugomvi nao. Jambo likikabidhiwa walimu wote, kila mmoja humdhani mwenzake amelifundisha.

Lakini naona wamegombania dirisha, mlango ukiwa wazi. Mlango ni lugha. Mwaka 1994 serikali ya shirikisho na majimbo zilikubaliana kufundisha Kichina, Kijapani, Kiindonesia na Kikorea, mpango wa kufika 2006. Zilitumika zaidi ya dola milioni 200 za huko, kisha serikali ya shirikisho ikakata fedha mwisho wa 2002. Mtoto aliyeanza Kiindonesia 1996 akiwa na miaka minane alikuwa bado yuko sekondari! Fedha zikarudi 2008, dola milioni 62.4, zikaisha 2012. Oktoba mwaka huo huo Waziri Mkuu Julia Gillard akatangaza kwamba kila mwanafunzi apate nafasi ya kusoma Kichina, Kihindi, Kiindonesia au Kijapani. Septemba 2013 chama chake kikashindwa uchaguzi.

Mtaala uliosahihishwa 2022 bado unaitaja Asia. Mwalimu wa Kiindonesia ndiye wa kutafutwa, na huyo husomeshwa miaka, kisha hulipwa kila mwezi.