Umbea wa Vitabu na Ngamia wa Garissa



Kila mwaka, Septemba ikielekea ukingoni, kampuni za kamari za London hutoa orodha ya waandishi wanaodhaniwa watapata Tuzo ya Nobel. Watu huweka pesa juu ya mwandishi kama wanavyoziweka juu ya farasi. Kwa miaka mingi majina mawili ya upande wetu wa dunia hayakukosekana katika porojo hizo: Ngũgĩ wa Thiong'o na Nuruddin Farah wa Somalia. Mwaka 2021 tuzo ikamwangukia Abdulrazak Gurnah, mwana wa Zanzibar, ambaye wenye kamari hata hawakuwa wamemtia maanani. Ngũgĩ alifariki Mei 2025 bila kuipata. Nuruddin angali anatajwa.

Wapo wenzangu wanaoona haya ni mambo ya barazani yasiyomhusu msomi. Mimi nimekuja kuutetea umbea. Mahali ambapo watu wananong'ona kuhusu nani kamwiga nani, mchapishaji gani hajalipa mrabaha, kitabu gani kimezuiwa na nani kajiona ndani ya riwaya ya jirani yake, hapo vitabu vina uhai. Watu hawasengenyi maiti. Ndiyo maana nauliza: umbea wa vitabu wa Garissa na Kaskazini Mashariki uko wapi, na ni nani anayeueneza?

Ukiwauliza watu wa vitabu wa nchi za nje, watakutajia ngamia. Mwaka 1996 Shirika la Huduma za Maktaba ya Taifa lilianzisha hapa Garissa maktaba inayobebwa na ngamia, na baadaye Wajir nayo ikapata yake. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi, na nausifu bila kusita. Ngamia watatu kwa msafara. Mmoja anabeba masanduku mawili yenye vitabu kama 400, wengine wanabeba hema, mikeka na vyombo. Gari lingekwama kwenye mchanga, na mafuta yake yangemaliza bajeti kabla ya vitabu kufika. Wafugaji wenyewe wanahama kufuata malisho, basi maktaba nayo ikajifunza kuhama. Mkutubi aliyebuni jambo hili alijua kazi yake.

Lakini angalieni habari hiyo ilivyosafiri. Mwaka 2005 Margriet Ruurs alichapisha kitabu cha watoto kuhusu maktaba za ajabu za nchi mbalimbali, na jina la kitabu kizima likachukuliwa kutoka kwa ngamia: My Librarian Is a Camel. Mwaka 2007 Masha Hamilton, mwandishi wa Marekani, akatoa riwaya, The Camel Bookmobile. Ndani yake mkutubi Mmarekani anakuja Garissa na kufuata msafara hadi kijiji cha kubuni kiitwacho Mididima. Mgogoro unaanza kijana mmoja asiporudisha vitabu alivyoazima, maana sheria ni kwamba kitabu kisiporudi, ngamia naye harudi. Mwandishi hakuishia kwenye riwaya; alihamasisha wasomaji na waandishi wenzake watume vitabu Garissa, na vikatumwa. Riwaya si mbaya. Ina swali la maana ndani yake, la kama kitabu kinachoingia kijijini kinaondoa kitu fulani kikiingia. Ila swali hilo linaulizwa na mgeni, linajibiwa na mgeni, na sisi tumebaki kuwa mandhari.

Tangu hapo mpigapicha hakosekani. Picha ni ileile: ngamia, sanduku, watoto wamekaa chini ya mgunga. Ni nadra sana kumwona mwandishi wa habari akimwuliza mtoto yule anasoma kitabu gani, kimemchosha au kimemchekesha, na angependa kipi kisirudishwe. Mzigo umebebwa miaka yote hiyo na hakuna aliyeufungua hadharani. Kwa jicho la mwalimu wa fasihi, swali la kwanza lingekuwa: je, masandukuni kulikuwa na vitabu vingapi vya Kisomali?

Hali hii ya kuandikwa na wengine ina umri mrefu. Mwaka 1963, mwaka uleule wa uhuru, Alys Reece alichapisha London kumbukumbu za maisha yake katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambako mumewe Gerald Reece alikuwa mkubwa wa serikali kabla ya kupelekwa kuwa gavana wa Somalilandi ya Waingereza. Jina la kitabu? To My Wife, 50 Camels. Ngamia tena! Halafu 2016 Ben Rawlence akatoa City of Thorns, kuhusu maisha ya watu tisa wa kambi za Dadaab. Kimefanyiwa kazi kwa makini, na ninakipendekeza. Hata hivyo, mwaka huohuo Asad Hussein, kijana aliyezaliwa Dadaab, alikuwa anaandika mwenyewe katika gazeti la New York Times, na miaka miwili baadaye akaingia Chuo Kikuu cha Princeton. Ningependa kusikia vijana wa kambi za Ifo na Hagadera, hukohuko Dadaab, wakibishana nani kati ya hao wawili ameielewa kambi.

Msinielewe vibaya, Kaskazini Mashariki ina vitabu vyake. Mwaka 2007 S. Abdi Sheikh alitoa Blood on the Runway, kuhusu mauaji ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984, wakati wanaume walipokusanywa kwenye uwanja wa ndege na kushikiliwa kwa siku kadhaa. Serikali ilitaja waliokufa 57. Wenyeji wanahesabu kwa mamia na maelfu. Kitabu kilitolewa na Northern Publishing House, wala si na moja ya kampuni kubwa za Nairobi tunazoziona kwenye vitabu vya shule. Miaka 6 ilipita kabla Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano haijatoa ripoti yake, 2013, iliyoyaweka mauaji ya Wagalla, pamoja na yaliyotokea hapa Garissa Novemba 1980, katika maandishi ya dola. Mwandishi mmoja aliitangulia tume nzima. Nchi nyingine kitabu cha namna hiyo kingekuwa na historia yake ya kusimuliwa: nani alikisoma kwa kukificha, nani alikikana, nakala ya kwanza iko kwa nani. Wajir pengine wanasimulia. Sisi wa vyuo hatujakusanya hata simulizi moja.

Na mwaka 2022 mbunge wa wakati huo wa Garissa Mjini, Aden Duale, akatoa kumbukumbu zake, For the Record. Hapa ndipo umbea ulipowaka kweli, kwa maana Duale alikuwa kiongozi wa walio wengi bungeni tangu 2013 hadi alipoondolewa Juni 2020, na kitabu kilitoka uchaguzi ukiwa mlangoni. Wanasiasa wetu huandika hivyo; kitabu ni sehemu ya kampeni. Waliokifungua wengi walifanya kama tunavyofanya sote na kumbukumbu za wanasiasa: walitafuta majina. Sina neno na hilo, nami huanza hivyohivyo. Lakini baada ya majina, kuna mtoto wa mji huu anayejaribu kueleza namna mtu alivyotoka Garissa hadi kwenye kiini cha madaraka ya Kenya, na masimulizi hayo yanastahili kupimwa kama masimulizi. Nani ameyapima?

Kwa nini basi hatuna soko la porojo la kututosha? Sababu ya kwanza ni sheria. Vita vya Shifta vilimalizika 1967, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki hapa hadi 1991. Uchapishaji ni biashara ya watu wanaotembea na kukutana, na kwa karibu miaka 30 kutembea na kukutana kulihitaji ruhusa. Sababu ya pili ni ya daftari la hesabu na risiti. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 iliwekwa juu ya vitabu 2013. Kisha tangu 2018 serikali inanunua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni, kila mwanafunzi nakala yake. Kwa mzazi wa Balambala au Ijara huo ni unafuu mkubwa, na mimi siupingi. Kwa muuza vitabu wa mjini, ambaye kodi ya duka aliilipa kwa vitabu vya shule na kwenye rafu ya nyuma akaweka riwaya mbili tatu, ni pigo. Rafu ya nyuma ndiyo iliyoondoka kwanza.

Ya tatu inauma zaidi. Baada ya Novemba 2014, abiria 28 wa basi walipouawa karibu na Mandera, walimu wakiwamo, na baada ya Aprili 2, 2015, tulipopoteza watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi waliondoka. Mwanzoni mwa 2020, walimu watatu walipouawa Kamuthe, wengine wakahamishwa. Kwa hiyo tukawa na shule ambazo vitabu vya fasihi vimefika kwenye maboksi, kila mtoto na chake, na hakuna wa kuvifundisha. Riwaya isiyo na mwalimu wa kubishana naye hukaririwa kwa ajili ya mtihani tu.

Nimeanza na Nuruddin Farah, na kuna habari yake moja ninayoipenda kuliko fununu zote za Nobel. Kisomali kilipewa hati rasmi ya Kilatini Oktoba 1972. Mwaka uliofuata Nuruddin, ambaye tayari alikuwa amechapisha riwaya kwa Kiingereza, alianza kuandika riwaya ya Kisomali iliyotoka gazetini kwa sehemu. Serikali ya Siad Barre huko Somalia ikaisimamisha katikati. Hati ina mwaka mmoja, na riwaya tayari imezuiwa! Hapo huwezi kusema Wasomali ni watu wa masimulizi ya mdomo wasiojali maandishi. Dikteta aliyajali.

Na huo mdomo wenyewe haukuwahi kukosa umbea wa fasihi. Mwishoni mwa 1979 Gaarriye alitunga shairi la kuukemea ukabila, Hadraawi akamjibu, na washairi wengine wengi wakaingia, kila mmoja akishikilia mwanzo uleule wa sauti ya D. Mlolongo huo unaitwa Deelley. Ulienezwa kwa kanda za kaseti, mkono kwa mkono, na watu wakabishana nani kamshinda nani na nani kamgusa rais bila kumtaja. Watu wa pwani mnaijua michezo hii. Mombasa na Lamu walitupiana mashairi enzi za mshairi Muyaka, na mpaka leo tunajua nani alimtukana nani.

Kwa hiyo ninachopendekeza kwa idara za lugha za vyuo vyetu si maktaba mpya wala mfadhili mpya. Vitabu vya Abdi Sheikh na Duale viingie katika mtaala mmoja na riwaya ya Hamilton na kumbukumbu za Bi Reece. Wanafunzi wavijibu kwa maandishi, kwa Kisomali au Kiswahili, na majibu yasambazwe kwa sauti kwenye simu kama kaseti zilivyosambazwa. Wakikosoana kwa ukali, tusiwanyamazishe. Wahusika wakikasirika, tuwakaribishe wajibu.

Sasa nipeni maswali. Na kama yupo ukumbini aliyekwisha kumjibu Mheshimiwa Duale kwa maandishi, aanze yeye.